Korona ilimpandisha nani, ikamshusha nani? Jibu kwa bishano la kijiweni

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Tanga, nalifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Kijiweni kwetu tumebishana mpaka tumewekeana kreti ya soda. Mwenzangu anasema likija gonjwa la dunia nzima kama korona, rais aliyeko madarakani lazima aanguke, mfano Trump. Mimi nasema hapana, watu wakiogopa ndo wanamshika mkubwa wao zaidi. Nani kashinda?"

Marahaba mdogo wangu. Kreti msiifungue kwanza.

Mi kazi yangu miaka mingi imekuwa kura za maoni, zile za kumpigia mtu simu anapika ugali unamuuliza unaridhika na utendaji wa fulani, sana, kiasi, au huridhiki kabisa, kwahiyo hili swali nimelala nalo na kuamka nalo tangu 2020. Na nikwambie mapema ninachoamini ili usinisome mpaka chini ukitafuta: watu hawamhukumu kiongozi kwa hesabu ya waliokufa. Wanamhukumu kama wanavyomhukumu mtu kwenye msiba. Alikuja au hakuja, alikaa mkekani na sisi au alipita na gari vioo viko juu, na baadae kabisa, turubai likishashushwa, wanaulizana nani kala hela za rambirambi.

Anza na Italia, maana Italia inaivunja hoja ya mwenzako asubuhi na mapema. Waziri Mkuu alikuwa Giuseppe Conte, profesa wa sheria ambaye kabla ya 2018 Waitalia wengi hawakuwa hata wanajua jina lake. Tarehe 9 Machi 2020 akatangaza nchi nzima inafungwa. Usiku wa tarehe 18 watu wa Bergamo wakachungulia madirishani wakaona malori ya jeshi yamepanga foleni barabarani yanahamisha majeneza kupeleka miji mingine, kwa sababu pale mjini sehemu ya kuchomea miili imezidiwa. Ile picha ilizunguka dunia nzima. Kwa akili ya kawaida ungesema huyu mzee kwisha habari yake, si ndiyo? Kura ya maoni ya taasisi ya Demos mwezi huohuo ikamkuta na asilimia 71. Saba moja! Kwenye nchi ambayo serikali zinabadilishwa kama shuka.

Uingereza hivohivo. Waziri Mkuu Boris Johnson alichelewa kufunga, mwanzoni mwa Machi alikuwa anajisifu hadharani kwamba ametembelea hospitali na kupeana mikono na kila mtu, akafunga nchi tarehe 23, na tarehe 6 Aprili yeye mwenyewe akaingizwa chumba cha wagonjwa mahututi hospitali ya St Thomas'. Mwezi huo karibu theluthi mbili ya Waingereza wakasema anafanya kazi vizuri. Aliyeugua na sisi ni mwenzetu, hata kama ndo huyohuyo aliyechelewa kufunga mlango.

Hii kitu wataalamu walishaiona zamani sana. Mwaka 1970 John Mueller, msomi wa siasa wa Marekani, alichambua umaarufu wa marais wao akaonyesha kwamba nchi ikipata mshtuko mkubwa kutoka nje, watu wanajikusanya chini ya bendera, na anayeishika bendera ndo anafaidi. Mfano unaotajwa kila siku ni George W. Bush: kura ya Gallup, taasisi ya kura za maoni ya Marekani, siku chache kabla ya tarehe 11 Septemba 2001 ilimpa 51, kabla mwezi haujaisha ana 90. Hakuwa amefanya kitu chochote cha ajabu katikati hapo, alishika kipaza sauti akasimama juu ya kifusi.

Kwanini inatokea? Watu wanadhani ni uzalendo tu. Uzalendo upo ila kuna mambo ya kawaida zaidi. Wiki za mwanzo upinzani unanyamaza, maana ukimkosoa mwenye msiba siku ya kwanza wewe ndo unaonekana huna adabu, kwahiyo kwenye redio na TV kunasikika sauti moja tu. Halafu kiongozi yuko laivu kila jioni, anasoma takwimu, pembeni yake daktari mkuu, na watu wote wako ndani hawana pa kwenda, yaani hakuna tangazo la kampeni duniani linaloweza kununua muda kama ule. Na mwisho ni hofu. Mtu akiogopa anataka kuamini kwamba dereva anaijua barabara, hata kama jana yake alikuwa anasema dereva kalewa.

Kwahiyo wewe umeshinda? Subiri, usiite muuza soda.

Kwanza mwenzako kamtaja Trump, na Trump kweli ni kesi ya peke yake. Naye alipanda, ila angalia alivyopanda: Gallup ilimtoa 44 mwanzoni mwa Machi ikampeleka 49 kabla ya mwisho wa mwezi. Pointi tano. Conte, Johnson, Angela Merkel wa Ujerumani wanaruka kama mbuzi, yeye kapanda ngazi moja, na kufika Juni yuko 38. Sababu moja ni kwamba Marekani watu walikuwa wameshagawanyika kiasi kwamba nusu ya nchi isingemkubali hata angegundua dawa kwa mikono yake. Ya pili ni yeye mwenyewe. Merkel tarehe 18 Machi alikaa mbele ya kamera akawaambia Wajerumani jambo hili ni zito, nanyi lichukulieni kwa uzito, basi. Trump alikuwa anasema litaisha lenyewe, mara majimbo yajitafutie mashine za kupumulia, mara Aprili 23 anawaza kwa sauti mbele ya waandishi kama dawa ya kuua vijidudu inaweza kuingizwa mwilini. Bendera aliletewa mkononi, akasita kuishika. Mimi nina hakika kabisa kwamba angekaa kimya miezi miwili akawaacha madaktari waongee, 2020 ingekuwa uchaguzi mwingine, ila hiyo ni imani yangu, hakuna namna ya kuipima.

(Kwa pembeni kidogo. Msije mkadhani gonjwa siku zote ni ishu ya rais. Mafua makali ya 1918 yaliua Wamarekani kama 675,000 na Woodrow Wilson hakutoa hotuba hata moja kwa umma kuhusu ugonjwa ule, alikuwa na vita vyake Ulaya. Na watu hawakumdai. Enzi zile ugonjwa ulikuwa jambo la Mungu na la halmashauri ya mji. Ili kiongozi apande au ashuke kwa sababu ya gonjwa, lazima kwanza watu waamini kwamba kulizuia ni kazi yake.)

Sasa twende Brazil, maana Brazil ndo ilinifundisha adabu mimi binafsi.

Machi 24, 2020 Rais Jair Bolsonaro anaingia kwenye TV ya taifa anawaambia watu yeye akiupata huu ugonjwa itakuwa kimafua tu, kwa sababu ana historia ya mwanamichezo. Wakati anaongea, kwenye maghorofa ya São Paulo na Rio watu wako madirishani wanagonga masufuria kwa vijiko, kelele mtaa mzima, ndo namna yao ya kuzomea. Aprili anamfukuza waziri wa afya aliyekuwa anapendwa kuliko yeye. Tarehe 28 Aprili mwandishi anamwambia waliokufa wameizidi China, anajibu: kwahiyo? Nasikitika, mnataka nifanyeje? Mimi ni Messias lakini sifanyi miujiza. Messias ni jina lake la kati kweli, na maana yake ni Masihi, alikuwa anafanya utani na maiti ziko chini.

Mi nikamwambia mwenzangu ofisini huyu Desemba hafiki akiwa juu ya asilimia 20, tukawekeana chipsi kuku.

Agosti wamevuka vifo laki moja. Katikati ya mwezi Datafolha, taasisi kubwa ya kura za maoni kule, inatoa matokeo: wanaosema serikali ya Bolsonaro ni nzuri ni 37, kiwango cha juu kuliko vyote tangu aingie madarakani, na wanaosema ni mbaya wameporomoka kutoka 44 mpaka 34. Nikasoma mara mbili nikidhani nimekosea safu.

Kilichotokea ni hela. Kuanzia Aprili serikali ilikuwa inalipa reali 600 kwa mwezi kwa mtu asiye na ajira rasmi, mama anayelea watoto peke yake analipwa mara mbili. Zilifika kwa watu zaidi ya milioni 65, unaona foleni za benki ya Caixa zinazunguka mtaa, unaona mtu ambaye hajawahi kuwa na akaunti anafunguliwa akaunti kwenye simu. Muuza pipi wa kwenye taa za barabarani, dada wa kazi za ndani, bodaboda, kwa mara ya kwanza kwenye maisha yao serikali inawatumia hela bila kuwaomba barua ya mwenyekiti wa mtaa. Na kinachonichekesha mpaka leo ni kwamba mwanzoni Bolsonaro hakuzitaka hizo 600. Serikali yake ilipendekeza 200, Bunge likasukuma zifike 500, ndo yeye akakubali 600. Ila nani anafuatilia nani alipendekeza nini bungeni? Hela imeingia, rais ni Bolsonaro, asante Bolsonaro. Hata Nordeste, kule kaskazini mashariki kwenye umaskini, ngome ya rais wa zamani Lula miaka yote, chuki dhidi yake ikapungua sana.

Halafu Septemba zikakatwa zikawa 300. Desemba zikaisha. Katikati ya Januari 2021 mji wa Manaus kule Amazon ukaishiwa oksijeni, ndugu wa wagonjwa wanabeba mitungi mgongoni wanazunguka kutafuta pa kujaza, hospitalini watu wanakufa kwa kukosa hewa na hii yote inaonekana kwenye simu za watu nchi nzima. Bunge la Seneti likaunda tume ya uchunguzi ikawa inarushwa laivu kama tamthilia. Septemba mwaka huo yuko 22, wanaosema mbaya ni 53. Na Oktoba 30, 2022 akapigwa na Lula, 50.9 kwa 49.1, rais wa kwanza wa Brazil kugombea tena akashindwa tangu katiba iruhusu kurudia miaka ya 90.

Ila zitazame hizo namba vizuri mdogo wangu. Pamoja na yote hayo, masufuria, Manaus, vifo karibu laki saba, kakosa urais kwa kura kama milioni mbili tu kwenye nchi yenye wapiga kura zaidi ya milioni 150. Mwenzako anayesema gonjwa lazima limuangushe mtu ajibu hapo. Chipsi kuku nilinunua mimi, na sikulalamika.

Upande wa pili kuna Jacinda Ardern, waziri mkuu wa New Zealand wakati ule, ambaye watu wanapenda kumtaja kwa nusu ya kwanza tu ya hadithi. Usiku ule nchi inafungwa, Machi 25, 2020, aliingia Facebook laivu kutoka nyumbani kwake, kavaa sweta la kushindia, anaomba radhi kwa mavazi kwa sababu ametoka kumlaza mtoto, anajibu maswali ya watu mmojammoja. Hakuna jukwaa hakuna bendera nyuma. Waziri wake wa afya alipogundulika kaipeleka familia yake ufukweni na kuendesha baiskeli milimani wakati watu wote wamefungiwa, akashushwa cheo hapohapo, na Julai akajiuzulu kabisa. Mawaziri wakajikata mshahara asilimia 20 kwa miezi sita. Kwa uchumi wa nchi hiyo ni hela ndogo, haijengi hata zahanati, ila we fikiria inavyosomeka kwa mtu aliyefunga saluni yake.

Oktoba 17 wakapiga kura. Nchi nzima wamekufa watu 25. Chama chake cha Labour kikapata asilimia 50 na viti 65 kati ya 120, na kwa mfumo wao wa kura, tangu uanze 1996, kabla ya hapo hakuna chama kilichowahi kupata wingi peke yake.

Wengi wanaishia hapo. Mimi nakupeleka Agosti 2021, korona aina ya Delta imeingia, Auckland inafungwa tena, wakakaa ndani siku 107. Raia wao walioko nje wanaingizwa kwenye bahati nasibu ya vyumba vya karantini ili warudi kwao, kuna mtu mama yake anakufa Wellington yeye yuko London anabonyeza kompyuta kila wiki anakosa namba. Walimu na manesi wasiochanjwa wanapoteza kazi. Februari 2022 waandamanaji wakaweka mahema kwenye bustani ya Bunge wakakaa wiki tatu, Spika akawafungulia mabomba ya kumwagilia majani na muziki wa kukera usiku kucha eti wachoke (wazo la ovyo, walichimba mifereji wakabaki). Yaani sera ileile ya kufunga mlango, iliyompa ushindi wa kihistoria, ndo ilimchosha kwa watu. Januari 2023 akasema tenki limeisha, anaondoka. Oktoba chama chake kikapata 26.9. Kutoka 50 mpaka 26.9 ndani ya miaka mitatu, na idadi ya waliokufa kwao bado ilikuwa ndogo kuliko karibu nchi zote tajiri.

Unaona sasa? Ukichora waliokufa upande huu na kukubalika upande ule hupati mstari wowote wa maana. Italia wanakufa, Conte anapanda. Brazil wanakufa, Bolsonaro anapanda. New Zealand hawafi, Ardern anashuka. Singapuri walidhibiti vifo vizuri tu, Julai 2020 wakaitisha uchaguzi wakitegemea mteremko, chama tawala kikatoka 69.9 kikawa 61.2. Korea Kusini miezi mitatu kabla yake watu wanapiga kura na barakoa na glovu za plastiki, wanapimwa joto mlangoni, na chama cha Rais Moon Jae-in na pacha wake wanachukua viti 180 kati ya 300. Wakati Februari watu walikuwa wanapanga foleni za barakoa wakimtukana.

Kinachofanana kwenye karibu kesi zote za kuanguka ni ile ya vioo viko juu. Na hapa lazima turudi kwa Johnson, maana huyu gonjwa lilimpandisha mara mbili. Mara ya pili ilikuwa chanjo: Uingereza ilianza kuchoma Desemba 8, 2020 kabla ya majirani wote, na Mei 2021, vifo vimeshapita laki na ishirini na tano, chama chake kikachukua jimbo la Hartlepool ambalo Labour ya Uingereza, wapinzani wake, haikuwahi kulipoteza tangu lianzishwe 1974. Watu walimsamehe vifo. Nasisitiza, walimsamehe vifo.

Hawakumsamehe pati.

Mei 20, 2020 waziri mmoja anasimama kwenye ule mkutano wa jioni na waandishi anawakumbusha wananchi kwamba unaruhusiwa kukutana na mtu mmoja tu, nje, mita mbili. Jioni hiyohiyo kwenye bustani ya Downing Street, makazi na ofisi ya waziri mkuu, wafanyakazi kama mia moja wamealikwa kwa imeili, njooni na pombe zenu, na Johnson mwenyewe alikuja kukiri bungeni kwamba alipita pale dakika kama 25. Aprili 16, 2021 pati mbili nyingine kwenye jengo lilelile, mtu katumwa dukani na sanduku la safari likarudi limejaa chupa za mvinyo, bembea ya mtoto wa Johnson ikavunjika. Yeye hakuwepo usiku ule, hilo tumpe. Ila kesho yake Malkia Elizabeth, miaka 94, alikuwa anamzika mumewe kanisani Windsor, waombolezaji wasizidi 30, na yeye kakaa kwenye benchi refu peke yake, kavaa nyeusi na barakoa nyeusi, hakuna mtoto wala mjukuu pembeni, kwa sababu sheria imesema hivyo.

Habari zilipotoka mwisho wa 2021 na mwanzo wa 2022 zile picha mbili zikakutana kwenye kichwa cha kila mtu, na kila familia ya Kiingereza ilikuwa na benchi lake. Kuna aliyemuaga baba yake kwa simu ya video imeshikwa na nesi. Desemba 16, 2021 jimbo la North Shropshire, ngome ya chama chake cha Conservative kabisa, likaondoka na pengo la kura karibu 23,000 likafutika kwa usiku mmoja. Aprili 2022 polisi wakampiga faini, waziri mkuu wa kwanza aliyeko madarakani kukutwa kavunja sheria, Julai 7 akatangaza kujiuzulu. Kilichomsukuma mwisho kilikuwa sakata lingine, ila ukuta ulishaanza kupukutika kwenye zile pati.

Ujerumani kuna kioja kinachofanana ingawa hakikuwa cha korona. Merkel aliondoka 2021 akiwa bado anapendwa, aliyetaka kumrithi kwenye chama chake, Armin Laschet, Julai akanaswa na kamera anacheka na wenzake wakati Rais wao anatoa pole kwa waliokumbwa na mafuriko. Sekunde chache tu. Septemba chama kikapata 24.1, matokeo mabaya kuliko yote kwenye historia yao. Msibani hapachekwi, hilo Tanga na Berlin tunaelewana.

Najua utaniuliza, na huku kwetu? Kenya inajieleza vizuri kwa sababu vyote vilitokea. Uhuru Kenyatta alianza na nafuu, aliyekuwa anapata mpaka shilingi 24,000 kwa mwezi akasamehewa kodi ya mshahara, watu wakapumua. Lakini siku ya kwanza ya kafyu, Machi 27, 2020, polisi waliwapiga abiria pale feri ya Likoni na kuwarushia mabomu ya machozi kabla hata saa ya kafyu haijafika, watu wanakimbilia nyumbani wanapigwa kwa kuwa hawajafika nyumbani, mpaka Uhuru akaomba radhi. Na Agosti ikaja ile ya KEMSA, shirika la serikali la kununua dawa na vifaa vya hospitali, zabuni za vifaa vya korona, mabilioni. Hiyo ndo hela ya rambirambi niliyosema. Yeye hakugombea tena, muda ulikwisha, lakini 2022 mtu wake Raila Odinga akashindwa na William Ruto aliyefanya kampeni kwa lugha ya mama mboga na bodaboda, haohao walioumizwa na kafyu. Sisemi korona ndo ilimuangusha Raila, kulikuwa na mengi. Nasema ilikuwepo mezani.

Tanzania ni ngumu zaidi kuisoma na nitakwambia kwanini kama mtu wa fani. Hayati Magufuli alikwenda njia yake: hakufungia watu ndani, takwimu zikasimama baada ya Aprili 29, 2020 tukiwa na wagonjwa 509, Juni akatangaza ugonjwa umeondoka, Oktoba akatangazwa mshindi kwa asilimia 84 huku wapinzani wakiyakataa matokeo. Kutofungia watu, kwa nchi ambayo wengi wanakula walichopata leo, bila shaka kulipendwa na wengi, nilikuwa nasikia hata kwa wasiompenda. Ila kupendwa kwa kiasi gani? Sina namba, na asikudanganye mtu kwamba anayo. Utafiti wa shirika la Twaweza ulikuwa ukimpima: 96 mwaka 2016, 71 mwaka 2017, 55 mwaka 2018. Uliotoka 2018 ulileta tafrani, mkurugenzi wao akanyang'anywa pasipoti, na baada ya hapo vipimo vya namna hiyo vikawa adimu. Kwahiyo korona inaingia kipimajoto kimeshatolewa kwapani.

Na hata ukiwa nacho, kuna hili. Niliwahi kumpigia mama mmoja kwenye utafiti, maswali ya maji na shule anajibu vizuri anacheka, nikafika la kiongozi, akanyamaza. Nikasikia anapunguza jiko la mchina, kishindo cha sufuria, halafu: "Kwani nani anauliza?" Nikajitambulisha tena. Akasema, "Andika naridhika sana, mwanangu. Sana." Nikaandika. Ningefanyaje?

Kitu cha mwisho ambacho vijiweni huwa kinasahaulika ni kwamba bili ya korona haikuletwa 2020, ililetwa 2022. Serikali zilimwaga hela, viwanda na meli vilikuwa vimesimama, kisha vita ya Ukraine ikaongezea, bei zikapaa: Marekani mfumuko wa bei ukagusa 9.1 Juni 2022, Uingereza 11.1 Oktoba, New Zealand 7.3 katikati ya mwaka. Mtu aliyemvumilia kiongozi wake kwa kufungiwa miezi minne hakumvumilia kwa bei ya mafuta ya kula. Joe Biden, aliyeingia kwa kuahidi kulimaliza gonjwa na kuanza na 57 ya Gallup, mwaka mmoja baadae alikuwa 40. Yeye ndo aliyekutwa amekaa mezani wakati mhudumu analeta bili, walioagiza wameshatoka.

Sasa kreti. Wewe umesema watu wakiogopa wanamshika mkubwa wao: ni kweli, ila ni kweli kwa miezi mitatu, minne, mara nyingine sita. Mwenzako amesema lazima aanguke: "lazima" imemponza, lakini ukimhesabia mpaka 2024 waliobaki vitini ni wachache. Kwahiyo mlichosahau kuandikiana wakati mnawekeana ni tarehe. Kama mlisema "mwaka wa ugonjwa", alipe yeye. Kama hamkusema kitu, chupa 24 zinagawanyika vizuri, kumi na mbili kumi na mbili, na chupa tupu arudishe yeye kwa kosa la kumtaja Trump kama ndo dunia nzima.